Likizo imekwisha, askari bado yuko Tanga: tathmini ya GI Rights Hotline

Huduma hii tunaipa nyota 4 kati ya 5. GI Rights Hotline ni simu ya ushauri ya bure kwa wanajeshi wa Marekani na jamaa zao. Inaendeshwa na mtandao wa mashirika ya kiraia, na haimo ndani ya jeshi wala serikali. Tumeipima kwa kumfikiria mtu wa aina moja: kijana wa Tanga mwenye kadi ya kijani (kule si lazima uwe raia ndipo uvae gwanda, ukaazi wa kudumu unatosha), aliyekuja nyumbani kwa likizo au kwa msiba, tarehe ya kurudi ikampita, na sasa amejifungia Makorora au Chumbageni, hataki hata kuwasha simu yenye laini ya kule. Tumemfikiria na mama yake, maana yeye ndiye anayeulizwa na majirani mwanawe anaondoka lini. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na mgeni akizidisha siku watu huhesabu.

Aliyetoka kambini Maramba au Mgambo bila ruhusa asiipigie simu hii. Haishughuliki na JKT wala JWTZ. Huyo ana sheria za hapa nyumbani na mkuu wa kikosi chake.

Namba ni 1-877-447-4487. Namba za bure za Marekani, zile zinazoanza na 800, 877 na ndugu zake, mara nyingi hazipatikani kwa laini zetu za kawaida. Na zikipatikana, unaweza kukatwa salio kama simu yoyote ya nje. Njia nyepesi ni programu ya kupiga simu kwa intaneti inayoruhusu namba za bure za Marekani, au kuandika kupitia tovuti yao na kupanga muda wa kupigiwa. Tafuta mahali penye intaneti imara. Mazungumzo ya jambo hili hayaishi kwa dakika 5, na yakikatika katikati utalazimika kumsimulia upya mshauri mwingine.

Saa nazo zina hesabu yake. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, saa 10 jioni ya Tanga ni saa 3 asubuhi ya New York na Washington. Miezi iliyobaki kule wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo saa 3 asubuhi yao inakuwa saa 11 jioni yetu. Ukipiga baada ya kifungua kinywa cha Tanga unawakuta wamelala. Lugha ni Kiingereza, na kwa askari mwenyewe hilo si tatizo. Kwa mzazi, akae na mtu anayeweza kutafsiri na kutunza siri. Asiwe jirani tu anayejua Kiingereza.

Huhitaji kutaja jina lako. Mshauri atataka mambo mengine: jeshi lipi (la nchi kavu, la majini, la anga, Marine), umetumikia muda gani, kituo chako kiko wapi, likizo iliisha tarehe gani, kikosi kilikuwa na amri ya kwenda nje ya nchi, ulikuwa na kesi nyingine iliyokuwa inakungoja, afya yako ikoje, na hali yako ya uhamiaji. Andika majibu yote kwenye karatasi kabla ya kupiga. Watu huharibu hapa kwa kusema "kama mwezi hivi". Kati ya siku 29 na siku 31 kuna tofauti kubwa, na mshauri hawezi kukusaidia kwa makadirio.

Siku zinavyohesabiwa

Sababu kubwa ya kuipenda huduma hii ni kwamba inaondoa maneno ya kijiweni na kuweka hesabu mezani. Kule kuna makosa mawili ambayo huku tunayachanganya kuwa moja. La kwanza ni kukosekana kazini bila ruhusa. Jeshi la nchi kavu na la anga huliita AWOL, la majini na Marine huliita UA. Limo kwenye kifungu cha 86 cha sheria ya kijeshi, UCMJ. La pili ni kutoroka jeshi, kifungu cha 85. Kinachoyatenganisha ni nia. Mtoro wa kifungu cha 85 ni yule aliyeondoka au kubaki nje akikusudia asirudi tena, au aliyekwepa kazi ya hatari au kazi muhimu aliyopangiwa.

Kwa hiyo ile kauli kwamba ukipitisha siku 30 tayari umekuwa mtoro haiko sawa. Siku 30 ni mpaka wa makaratasi. Mwendesha mashtaka bado anapaswa kuthibitisha nia, na anaweza kuithibitisha hata kwa aliyekosekana siku chache. Anaitafuta kwenye mwenendo: tiketi ya upande mmoja, sare zilizotupwa au kugawiwa, kitambulisho cha jeshi kilichochanwa, kazi mpya iliyoanzwa, gari lililouzwa kule kabla ya safari, na sana sana maneno ya mtu mwenyewe. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa rafiki wa kombania, "mimi sirudi tena huko", una uzito kuliko miezi 2 ya kukaa kimya. Picha za ufukweni Raskazone zenye maelezo ya maisha mapya ni vivyo hivyo. Sare iliyofuliwa na kutunzwa sandukuni, kitambulisho kilichohifadhiwa, na barua pepe kwa sajini inayosema unatafuta njia ya kurudi, hivyo vyote vinamsaidia mtu.

Kwa jeshi la nchi kavu mambo huenda hivi. Kamanda akishaamua kwamba umekosekana kwa hiari yako, hadhi yako inabadilishwa kuwa AWOL na mshahara wa siku hizo haupo. Siku ya 10 kamanda anawaandikia ndugu zako wa karibu waliotajwa kwenye kumbukumbu zako. Kama uliandika anwani ya mjomba wa Houston, barua inakwenda kwake. Zikipita siku 30 jina linaondolewa kwenye orodha ya kikosi na kuhamishiwa kwa watoro, inajazwa fomu DD 553, na jina linaingia kwenye hifadhi ya taarifa inayosomwa na polisi wa Marekani nzima. Tangu hapo askari wa barabarani wa mji wowote kule akikusimamisha kwa taa mbovu ya gari, anakuona. Jina halichakai na muda, wala halitoki kwa maombi. Linatoka ukishakuwa mikononi mwa jeshi na fomu ya kurejea, DD 616, ikajazwa, au likithibitika kuwa liliingizwa kimakosa.

Jambo moja linaumiza familia nyingi kuliko kifungo. Wakati mwingine mshahara huendelea kuingia benki wiki kadhaa kwa sababu makaratasi yamechelewa. Mama anaona hela imekuja, anasema mambo yametulia, anaanza kununua tofali. Hela hiyo ni deni. Jeshi litaidai yote, na mtu anarudi kule akikatwa. Iache ilipo.

Adhabu nazo zina ngazi, na hapa washauri wanaeleza vizuri kwa sababu wanaanza na kiwango cha juu kisha wanasema hali halisi. Kukosekana siku 3 au pungufu, kiwango cha juu ni kifungo cha mwezi 1. Zaidi ya siku 3 hadi 30, miezi 6. Zaidi ya 30, mwaka 1 na kufukuzwa kwa fedheha, na kama ulikamatwa badala ya kujisalimisha, miezi 18. Kutoroka jeshi ni miaka 2 kwa aliyerudi mwenyewe, 3 kwa aliyekamatwa, 5 kwa aliyekwepa kazi ya hatari au kazi muhimu. Kikosi chako kikipanda ndege kwenda kazini nje ya nchi ukiwa hupo, kuna kifungu cha 87, kinachosimama peke yake: hadi miaka 2 ukifanya makusudi, mwaka 1 ukifanya kwa uzembe.

Adhabu ya kifo ipo kwenye sheria kwa kutoroka wakati wa vita, na ndiyo inayotajwa zaidi barazani. Mara ya mwisho ilitekelezwa tarehe 31 Januari 1945, kwa Eddie Slovik, huko Ufaransa. Charles Jenkins, aliyevuka kuingia Korea Kaskazini mwaka 1965, alijisalimisha Japani mwaka 2004, karibu miaka 40 baadaye, akahukumiwa siku 30 na kufukuzwa kwa fedheha. Bowe Bergdahl aliacha kituo chake Afghanistan mwaka 2009 akashikwa na Taliban. Mahakama ya kijeshi mwaka 2017 haikumpa kifungo, ilimshusha cheo, ikamkata dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi 10 na kumfukuza kwa fedheha, na mwaka 2023 jaji wa shirikisho akaitengua hukumu hiyo. Tunazitaja kesi hizi kwa sababu mtu aliyejifungia chumbani Tanga huwa ameshajihukumu kunyongwa, na hofu hiyo ndiyo inayomzidishia siku.

Kuna na imani ya upande wa pili, kwamba ukikaa miaka 5 kosa linafutika. Kifungu cha 43 kinaweka kweli ukomo wa miaka 5 kwa makosa mengi, lakini siku ulizokuwa mtoro hazihesabiwi, na siku ulizokuwa nje ya eneo ambako Marekani ina mamlaka ya kukukamata hazihesabiwi. Kukaa Tanga kunasimamisha saa hiyo. Kijana anaweza kuoa, akajenga Mwakidila, akapata wajukuu, na siku akitua Atlanta kuhudhuria mahafali ya mwanawe akakuta jina lingali pale.

Huduma inapoishia

Nyota iliyopungua ni kwa sababu ya mipaka ambayo mpigaji wa Tanga anapaswa kuijua kabla. Washauri wengi si mawakili. Wanatunza siri, lakini siri ya mshauri hailindwi kisheria kama ya wakili. Eleza tarehe na hali. Ungamo la nia yako likae kwa wakili. Hawasimami mahakamani, hawaandiki barua kwa kamanda kwa niaba yako, hawanunui tiketi. Wanakwambia njia zilizopo, kila njia inakwenda wapi, na ofisi ipi inapokea watoro wa jeshi lako kwa wakati huo. Hilo la mwisho ni muhimu mno, kwa sababu mahali pa kujisalimisha panatofautiana kwa kila jeshi na kwa siku ulizokosekana. Aliye chini ya siku 30 kwa kawaida anarudi kikosini kwake. Aliyeondolewa kwenye orodha anaweza kuelekezwa kwingine. Ukienda mlango usio wako unaweza kuzungushwa siku nzima, na siku hiyo inahesabika.

Wakili wa bure wa jeshi yupo pia. Jeshi la nchi kavu lina kitengo cha mawakili wa utetezi kisichokuwa chini ya kamanda wako, na majeshi mengine yana vyao. Wanampokea mshtakiwa kwa ukamilifu akisharudi, ila swali la awali wanaweza kulisikiliza. Kwa kesi ya siku 20 bila mkasa mwingine, huyo anatosha. Kwa mtu aliyepitisha miezi, ambaye kikosi kiliondoka bila yeye, au ambaye ana suala la uhamiaji, wakili wa kiraia anayejua mahakama za kijeshi ana faida, mradi alipwe baada ya kusoma karatasi zako na si kabla. Mwulize swali moja: kesi hii inafaa kuombewa kuachishwa badala ya mahakama? Jeshi la nchi kavu linaiita Chapter 10. Askari mwenyewe ndiye anayeomba, anakiri kosa lenye uwezekano wa kumfukuzisha jeshi, na kwa kawaida anatoka na cheti cha kuachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima, bila kifungo. Kwa AWOL ya zaidi ya siku 30 njia hii hutumika sana. Aliye chini ya siku 30, bila kosa jingine, haimhusu. Huyo zaidi ataadhibiwa na kamanda wake, akatwe mshahara, apunguzwe cheo, kisha arudishwe kazini na kuzifidia siku alizokosa.

Mtu yeyote atakayekuja na ahadi ya kufuta jina kwenye kompyuta za Marekani akiwa hapa Tanga, mpite. Tumeshaeleza jina linatokaje. Hakuna ofisi ya Dar es Salaam wala ya Nairobi yenye kitufe hicho, na pesa utakayompa ndiyo nauli yako ya kurudi. Ubalozi wa Marekani pale Msasani una ofisi ya mwambata wa kijeshi, na swali halali la jinsi ya kuwasiliana na kikosi linaweza kupelekwa huko. Uliza kwanza kwenye simu ya ushauri, ndipo uende.

Wakili wa hapa Tanga mtumie kwa kazi anayoiweza: kuthibitisha nakala, hati ya kiapo, na tafsiri yenye mhuri. Kiapo cha majina ndicho kinachohitajika mara nyingi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, pasipoti inasema Mwanahamis, kumbukumbu za jeshi zina jina la babu mahali pa jina la baba. Mhakiki wa kule akiona hivyo anaona watu watatu. Lakini usimuulize wakili huyo adhabu ya mahakama ya kijeshi ya Marekani. Atakujibu kwa heshima, na jibu litatoka kwenye sheria za hapa.

Kama ulichelewa kwa ugonjwa, ukweli huo ni utetezi hasa, endapo ulishindwa kabisa kusafiri. Nenda Bombo siku unayoumwa, pata karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, jina la daktari, mhuri, na maelezo kwamba safari ya ndege haikufaa. Siku hiyohiyo tuma picha yake kwa barua pepe kikosini. Karatasi iliyotengenezwa wiki 3 baadaye kwa tarehe ya nyuma ni balaa. Kikosi kina uwezo wa kupiga simu hospitali, na ukibainika, umeongeza kosa la kutoa taarifa ya uongo juu ya lile la kwanza, tena umemwingiza na mganga.

Kurudi kwenyewe

Ushauri unaotolewa kwa wengi, na tunaukubali, ni kurudi mwenyewe na kurudi mapema. Safari ya Tanga hadi Dar kwa basi kutoka Kange, kupitia Segera na Chalinze, inachukua siku nzima ukihesabu foleni, basi usipange ndege ya usiku huohuo. Nunua tiketi inayokufikisha karibu na kituo chako. Kabla ya kuondoka, tuma barua pepe fupi kwa kamanda wa kombania na sajini wake: jina, cheo, namba ya ndege, siku na saa unayotarajia kuripoti. Sentensi 3 zinatosha. Usieleze kwa nini ulichelewa, usiombe radhi kwa kurasa 2, usimlaumu mtu. Una haki ya kunyamaza juu ya sababu hadi uonane na wakili, na kila ulichoandika kitasomwa.

Chapisha barua pepe hiyo, pamoja na risiti ya tiketi, na uibebe mkononi. Ikiwa jina limeshaingia kwenye hifadhi ya polisi, ofisa wa uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani anaweza kukuzuia. Hapo ndipo swali linapozuka: ulikamatwa au ulikuwa unajisalimisha? Tofauti ya mwaka 1 na miezi 18 iko hapo. Karatasi halali iliyoandikwa kabla hujazuiwa, inayoonyesha ulikuwa njiani kuripoti, ndiyo inayomsaidia wakili wako kubishana. Ukipita salama, usilale kwa rafiki siku 2 kupumzisha mwili. Utoro unakoma pale unapojitambulisha mbele ya mamlaka ya kijeshi, haukomi ndege inapotua. Ripoti asubuhi ya siku ya kazi kama inawezekana, na usiku kuna meza ya zamu ya kikosi isiyofungwa. Omba jina la aliyekupokea na uandike saa.

Begi liwe dogo. Kitambulisho cha jeshi, pasipoti, kadi ya kijani, ruhusa ya likizo iliyokwisha, vyeti vya hospitali au vya kifo, dawa zako zikiwa kwenye vifungashio vyake na cheti cha daktari, namba za simu za wakili na za nyumbani zikiwa kwenye karatasi kwa sababu simu yako unaweza usiwe nayo. Acha nakala za kila karatasi kwa mtu mmoja Tanga. Usibebe samaki wa kukaanga wala mtindi wa kopo kumpelekea mjomba. Utakaoandamana nao hawatakuwa na subira.

Baada ya hapo inakuja karatasi ambayo watu wa huku hawaipi uzito: cheti cha kuachishwa, DD 214, na maneno yaliyoandikwa humo. Kuachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kunaweza kufunga mlango wa masomo yanayolipiwa na jeshi na wa matibabu ya wanajeshi wa zamani. Aliyekosekana siku 180 mfululizo au zaidi na akaachishwa hivyo anazuiwa kisheria kupata mafao hayo, isipokuwa aonyeshe sababu nzito. Kwa mwenye kadi ya kijani kuna jingine: ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka 1 bila kibali cha kurejea, kadi yenyewe haitoshi tena kukuingiza. Na aliyepata uraia kwa kupitia utumishi wa jeshi anaweza kuvuliwa akiachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Aliyetiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kutoroka wakati wa vita hapati uraia kabisa. Ndiyo maana tunasema, yule mwenye suala la uhamiaji asikubali Chapter 10 kwa furaha ya kukwepa kifungo kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji. Kuna bodi ya mapitio inayoweza kubadilisha maneno ya cheti, maombi yake kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa, lakini kazi hiyo ni ndefu na haina uhakika.

Aliyetia saini tu na hajaanza mafunzo, yule aliye kwenye mpango wa kusubiri tarehe ya kuripoti, hayumo kwenye haya yote. Hata mwandikishaji akimtisha, huyo hajawa AWOL. Anaandika barua ya kujiondoa, basi.

Huduma iliyopaswa kuja kwanza

Sehemu kubwa ya balaa hili la Tanga huzaliwa msibani, kwa hiyo hatuwezi kumaliza bila kuisifu huduma nyingine, ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, inayopeleka taarifa za dharura za familia kwa kamanda. Namba yake ni 1-877-272-7337, na kwa sisi wa mbali maombi ya kwenye tovuti ni mepesi kuliko simu. Msalaba Mwekundu hautoi likizo. Unathibitisha kwamba kifo au ugonjwa mzito ni kweli, kisha kamanda anaamua, na taarifa iliyothibitishwa ina nguvu kuliko kilio cha askari kwenye simu.

Inakwama wapi? Kwenye uthibitisho. Kule wanatarajia kumpigia daktari au nyumba ya mazishi. Kwetu maiti anaoshwa nyumbani na kuzikwa kabla ya magharibi. Mpe mhakiki namba ya daktari wa wodi ikiwa alifia hospitali, au barua ya mtendaji wa mtaa yenye mhuri na namba ya simu inayopokelewa, na mtu wa kuipokea awe anajua Kiingereza. Cheti cha kifo cha RITA kifuatiliwe wiki hiyohiyo hata kama kitafika baadaye, kwa sababu nyongeza ya likizo itakihitaji.

Na inakwama kwenye udugu. Orodha ya jeshi ya ndugu wa karibu kwa likizo ya dharura ina mzazi, mwenza, mtoto, kaka na dada. Mama mdogo hayumo. Lakini aliyekulea kama mzazi anaingia, mradi ionyeshwe hivyo: hati ya kiapo kwamba mama mdogo alimlea askari tangu akiwa na miaka mingapi, cheti cha shule chenye jina lake kama mlezi. Ukiandika kwenye fomu "mama" bila maelezo, kisha vyeti vikaonyesha mama mzazi yu hai Pangani, mhakiki ataona uongo pale ambapo kwa Kiswahili hapakuwa na uongo wowote.

Likizo ya dharura kwa kawaida haizidi siku 30 kwa mara moja, na hukatwa kwenye siku za likizo za askari. Arobaini haiingii humo. Familia ikubaliane mapema kwamba kijana atazika, atakaa hitima, atarudi, na arobaini itasomwa bila yeye. Wakimng'ang'aniza abaki, aombe nyongeza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, na asifanye safari ya shamba Muheza kusubiri jibu mahali pasipo na mtandao. Asipojibiwa, jibu ni hapana.

Kwa mzazi ambaye mwanawe bado yuko kazini na mambo ni shwari: jina lake kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za jeshi, tarehe ya kuzaliwa, cheo, jeshi analotumikia, jina la kikosi na kituo. Hayo ndiyo watakayouliza usiku wa msiba. Yaandike leo, pamoja na hizo namba 2, ubandike ndani ya mlango wa kabati.